Miwani, Lenzi za Jichoni au Leza? Ulinganisho kwa Anayetaka Urubani Uganda

Wapo vijana wanaomaliza kidato cha sita wakiwa na alama nzuri za fizikia na hesabu, wenye hamu ya kwenda Soroti au Kajjansi kujifunza kurusha ndege, ambao hukata tamaa kabla ya kuomba nafasi kwa sababu tu wanavaa miwani. Wameambiwa na mjomba au na mwalimu kwamba rubani lazima awe na macho makali yasiyohitaji msaada wowote. Wapo pia wazazi walio tayari kuuza kiwanja ili mtoto afanyiwe upasuaji wa leza kabla hata hajaonana na daktari anayepima marubani. Wote hawa wangesaidika kama wangepata maelezo ya kulinganisha.

Makala hii inalinganisha njia nne: miwani, lenzi laini zinazovaliwa jichoni, upasuaji wa leza wa PRK na upasuaji wa leza wa LASIK. Imeandikwa zaidi kwa mwenye tatizo la kutoona mbali, maana ndilo linalowakuta wengi walio katika umri wa kuanza urubani, ingawa mengi ya yaliyomo yanamhusu pia mwenye astigmatizimu, yaani ambaye konea yake, ule utando angavu wa mbele ya jicho, haina mviringo ulio sawa pande zote.

Jambo moja litangulie. Hakuna hata njia moja kati ya hizi nne inayotibu upungufu wa kutambua rangi. Rubani hupimwa rangi, kwa kawaida kwa kutumia vibao vya Ishihara vyenye vidoto vinavyoficha tarakimu, na lenzi zenye rangi zinazouzwa kwa ahadi ya kuliondoa tatizo hilo hazikubaliki. Kwa hiyo pima rangi kwanza, ndipo uhesabu gharama za mengine.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechukua vigezo vitano, na ninavitumia kwa njia zote nne. Cha kwanza ni kanuni za cheti cha afya. Cha pili ni ubora wa kuona usiku na penye mwanga mkali. Cha tatu ni namna jicho linavyostahimili ukavu, mwinuko na jua. Cha nne ni uwezekano wa kurudi nyuma iwapo mambo hayakwenda vizuri. Cha tano ni huduma, yaani nani atakuhudumia, wapi, na kwa muda gani. Bei sikuifanya kigezo cha peke yake kwa kuwa hubadilika kila mara na kila mahali, lakini haikwepeki katika kigezo hicho cha mwisho.

Kanuni za cheti cha afya

Viwango vya afya vya marubani vimo katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambacho husimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Uganda ni mwanachama wa shirika hilo. Cheti cha daraja la kwanza, ambacho ni cha rubani wa biashara na wa ndege za abiria, kinadai kuona 6/9 au zaidi kwa kila jicho peke yake, na 6/6 au zaidi kwa macho yote mawili, kwa msaada wa miwani au bila msaada. Kuona 6/9 maana yake ni kusoma ukiwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida hukisoma likiwa mita 9. Daraja la pili, la rubani wa binafsi, ni jepesi zaidi: 6/12 kwa kila jicho na 6/9 kwa yote mawili. Waongoza ndege, ambao husahauliwa sana katika mazungumzo haya, wana daraja la tatu, na uoni wa mbali wanaodaiwa ni ule ule wa daraja la kwanza.

Anayevaa miwani anakubalika, ila awe na jozi ya pili ya akiba mahali ambapo mkono wake unafika kwa urahisi wakati wa kazi. Anayevaa lenzi za jichoni anakubalika pia, mradi ziwe za nguvu moja, zisizo na rangi, na jicho lizivumilie, naye pia abebe miwani ya akiba. Kwa wenye namba kubwa sana ya miwani, lenzi za jichoni zina nafasi ya pekee, kwa sababu kioo kinene cha miwani hupotosha kinachoonekana pembeni. Ndiyo maana wenye tatizo kubwa hutakiwa kutumia lenzi za jichoni au miwani ya vioo vyembamba maalumu. Ambaye bila msaada haoni hata 6/60 kwa jicho lolote hutakiwa kuleta ripoti kamili ya daktari wa macho kabla ya cheti cha kwanza, kisha kila baada ya miaka mitano.

Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa leza, uwe wa PRK au wa LASIK, kanuni huanza upande wa pili: huhesabiwa kuwa hafai hadi ithibitike kwamba hana madhara yaliyobaki ambayo yanaweza kumzuia kufanya kazi kwa usalama. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mtu anayefanyiwa upasuaji miezi miwili kabla ya kuomba nafasi ya chuo, akidhani amejirahisishia njia, anaweza kujikuta akisubiri huku mwenzake mwenye miwani ameshaanza masomo.

Kuona usiku na penye mwanga mkali

Kigezo hiki nakipa uzito mkubwa kuliko vingine, kwa sababu chati ya herufi katika chumba chenye mwanga wa kutosha haikipimi. Anayekuja kutua Entebbe usiku kutoka upande wa ziwa huwa na giza tupu chini yake mpaka karibu na njia ya kutulia, na anachokitegemea kwa macho ni taa chache, nyeupe na nyekundu, zinazomwambia kama yuko juu mno au chini mno. Taa hizo zikiwa na ukungu au duara la mwanga linalozizunguka, mtu huyo ana tatizo hata kama mchana anasoma 6/6 bila shida.

Miwani yenye namba sahihi na vioo safi hutoa picha safi usiku. Kasoro zake ni mng'ao unaorudi kutoka kwenye vioo, ambao hupunguzwa kwa kupakwa utando maalumu, na fremu inayokata sehemu ya pembeni. Lenzi za jichoni hazina fremu, na eneo lote la kuona huwa wazi, lakini lenzi iliyokauka hufanya taa zitawanyike, na hukauka zaidi mwisho wa safari, wakati ambapo rubani anatua.

Leza hufanya kazi kwa kuondoa sehemu ndogo sana ya konea katika eneo la katikati, lenye upana wa takribani milimita 6. Usiku mboni hupanuka, na ikikaribia ukingo wa eneo hilo mwanga huvunjika na kuleta maduara kuzunguka taa. Kwa wengi dalili hizi hupungua katika miezi ya mwanzo, na mashine za siku hizi zimezipunguza sana kuliko za miaka ya 1990, lakini wachache hubaki nazo. Baada ya PRK kuna hatari ya ziada ya ukungu ndani ya konea yenyewe, hasa kwa waliorekebishwa namba kubwa. Baada ya LASIK, mtu huona vizuri mapema, mara nyingi kesho yake, lakini asiichukue furaha hiyo kuwa kipimo cha kuona kwake usiku. Mwenye mboni pana gizani amwombe daktari azipime kabla ya kuamua lolote.

Ukavu, mwinuko na jua

Hewa ndani ya ndege kubwa huwa kavu mno, na unyevu wake mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20. Miwani haijali hali hiyo. Usumbufu wake ni wa aina nyingine: mikono minene ya fremu huinua mto wa hedifoni, kelele za injini zikapenya, na baada ya saa moja ndani ya Cessna katika joto la Soroti fremu huteleza kwenye jasho huku masikio yakiuma. Tiba yake ni fremu yenye mikono myembamba iliyonyooka, ambayo pia haiizuii barakoa ya oksijeni kukaa sawa usoni. Miwani ya jua ya aina ya polaroidi iachwe nyumbani, kwa kuwa hufifisha baadhi ya skrini za ndege na kuonyesha mabaka kwenye kioo cha mbele.

Lenzi za jichoni ndizo zinazoteseka zaidi na ukavu. Zinataka pia mikono safi, dawa yake ya kusafishia na nidhamu ya kuzivua kabla ya kulala. Kuziosha kwa maji ya bomba, au kuogelea ziwani ukiwa umezivaa, kunaweza kuingiza vimelea vinavyoharibu konea. Vumbi la barabara za murramu nalo si rafiki wa lenzi, na anayekwenda uwanjani kwa bodaboda anapaswa kulifikiria.

Leza nayo haiko huru na ukavu. LASIK hukata mishipa ya fahamu ya konea, macho yakapunguza machozi kwa miezi kadhaa, na kwa baadhi ya watu zaidi ya hapo. PRK nayo husababisha ukavu, kwa kawaida kwa kiasi kidogo zaidi.

Kuhusu mwinuko, historia ina somo kubwa. Kabla ya leza kulikuwa na upasuaji wa kuchanja konea kwa kisu, uliojulikana kwa herufi RK. Mwaka 1996 daktari Thomas Mader na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapandisha watu kwenye mlima wa Pikes Peak huko Marekani, zaidi ya mita 4,200, kwa saa 72. Waliofanyiwa RK macho yao yalibadilika, ilhali waliofanyiwa PRK hayakubadilika kwa kiasi cha maana. Mwaka huo huo mpanda mlima Beck Weathers, aliyekuwa amefanyiwa RK, alipoteza uwezo wa kuona juu ya Everest. Hadi leo shirika la anga za juu la Marekani, NASA, halimpokei mwanaanga aliyefanyiwa RK. Anayekushauri kufanya upasuaji wowote wa macho akuambie jina lake kamili.

Jua la ikweta lina hesabu yake pia. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Entebbe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Miale hiyo imehusishwa na ukungu unaotokea baada ya PRK, kwa hiyo aliyefanyiwa upasuaji huo anahitaji kuvaa miwani ya jua iliyo bora kwa miezi kadhaa kila atokapo nje. Kwa mtu anayeishi Uganda, hilo ni sehemu ya matibabu.

Kurudi nyuma

Miwani ikikukataa, unaiweka chini. Lenzi ikikuumiza, unaivua. Leza huondoa kitu kisichorudi, na hapa ndipo PRK na LASIK zinapoachana.

Katika PRK, ngozi laini ya juu ya konea huondolewa, leza hufanya kazi yake, kisha lenzi ya kukinga huwekwa kwa siku chache mpaka ngozi iote tena. Siku hizo zina maumivu makali, na uoni hutulia polepole, kwa wiki au miezi. Katika LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, hukifunua kama jalada la daftari, leza hupita chini yake, kisha hukirudisha. Maumivu ni machache na uoni huja haraka, lakini kifuniko hicho hakishiki tena kwa nguvu zake za awali, na pigo kali la jicho linaweza kukisogeza hata baada ya miaka. Kwa sababu hiyo majeshi ya Marekani yaliikubali PRK kwanza kwa marubani wao, yakiogopa upepo mkali wa rubani anayejirusha kutoka kwenye ndege ya kivita, na LASIK ikaja kukubaliwa baadaye.

Unene wa konea huamua mengi. Kwa wastani ni takribani mikroni 540, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Kifuniko cha LASIK huchukua karibu mikroni 110, na kila dayopta moja (kipimo cha namba ya miwani) inayorekebishwa huondoa takribani 15. Chukua mwenye konea ya mikroni 480 na namba ya −7: LASIK itamwachia karibu mikroni 265 chini ya kifuniko, naye atakuwa amekaribia kikomo cha 250 ambacho madaktari wengi hawakubali kukivuka. Akifanyiwa PRK, atabakiwa na zaidi ya 300. Tafiti mbalimbali zimekuta kwamba konea za watu wenye asili ya Afrika ni nyembamba kidogo kwa wastani, kwa hiyo hesabu hii iombwe kwa namba zako mwenyewe.

Kuna mawili zaidi yanayotugusa sisi. La kwanza ni mzio wa macho wa utotoni, unaomfanya mtoto ayafikiche kutwa nzima. Hali hiyo ni ya kawaida katika nchi zetu na imehusishwa na keratokonasi, ugonjwa unaofanya konea ichongoke. Mwenye keratokonasi, hata iliyo changa, hafai kwa LASIK, na leza ya kawaida inaweza kuharakisha ugonjwa wake; ramani ya konea inayochorwa na mashine ndiyo inayoufichua. La pili ni glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho na unaohusiana na shinikizo la ndani ya jicho, ambao huwapata watu wenye asili ya Afrika mapema na kwa ukali zaidi. Konea iliyopunguzwa na leza hufanya shinikizo la jicho lisomeke chini kuliko lilivyo, na matone ya steroidi yanayotumika baada ya PRK yanaweza kulipandisha. Hifadhi vipimo vyote vya kabla ya upasuaji, kwa sababu daktari wa baada ya miaka 20 atavihitaji.

Ipo pia lenzi ndogo inayopandikizwa ndani ya jicho bila kupunguza konea, na ambayo inaweza kutolewa. Huwafaa baadhi ya wenye namba kubwa au konea nyembamba, lakini ni upasuaji wa ndani ya jicho, wenye hatari ya mtoto wa jicho na ya shinikizo kupanda, na unadai ukaguzi wa maisha yote.

Huduma

Miwani hupatikana karibu kila mji, na idara za macho za hospitali za Mulago na Mengo, au kituo cha Ruharo kule Mbarara, zinaweza kukupima kwa umakini kuliko duka la barabarani. Lenzi za jichoni zinahitaji mpima macho atakayekufundisha kuzivaa na kukukagua tena, pamoja na ugavi wa dawa usiokatika. Kwa leza, swali la msingi ni nani atakayekuona siku ya tatu, mwezi wa kwanza na mwezi wa sita. Anayesafiri hadi Nairobi au India na kurudi baada ya wiki moja awe ameshapata daktari wa hapa nyumbani aliyekubali kumfuatilia, hasa baada ya PRK, ambayo uponaji wake ni wa polepole.

Tuliyojifunza kutoka kwa wanaanga

Tangu satelaiti ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilipoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi wa Desemba 2022, vijana wetu huuliza pia kuhusu safari za anga za juu. NASA imekubali PRK na LASIK tangu 2007, kwa sharti kwamba umepita angalau mwaka mmoja tangu upasuaji na hakuna madhara ya kudumu. Miwani inakubalika vilevile.

Kinachowasumbua watafiti zaidi ni kwamba safari yenyewe hubadilisha macho. Mwaka 2011 Mader yule yule na wenzake walieleza wanaanga saba ambao, baada ya miezi kama sita kituoni, walikutwa na mabadiliko kama vile kuvimba kwa mshipa wa fahamu wa jicho, kubonyea kwa sehemu ya nyuma ya jicho na mikunjo chini ya retina. Katika maswali waliyojaza wanaanga wapatao 300, takribani asilimia 29 ya waliokwenda safari fupi na asilimia 60 ya waliokwenda safari ndefu walisema uoni wao ulipungua. Maji ya mwili, yakikosa uzito wa kuyavuta chini, hupanda kuelekea kichwani, na hilo ndilo linaloshukiwa zaidi. Jicho likibonyea nyuma huwa fupi, na mtu huanza kushindwa kusoma karibu. Konea haihusiki, kwa hiyo leza haizuii wala haisababishi hali hiyo, na dawa inayobebwa kituoni ni ya zamani kabisa: miwani ya akiba yenye namba tofauti na ile ya kawaida ya mwanaanga.

Hata asiyeota kwenda huko anapata funzo la vitendo. Aliyefanyiwa leza akiwa na miaka 22 atahitaji miwani ya kusomea akifika miaka ya 40, kama watu wote.

Uchague nini, kulingana na hali yako

Kama una miaka 18 au 19 na namba yako bado inapanda kila unapopimwa, vaa miwani na uombe nafasi ya chuo. Leza inahitaji namba iliyotulia kwa angalau mwaka mmoja, na kukimbilia upasuaji sasa ni kulipia marekebisho yatakayopitwa.

Kama namba yako ni kubwa na miwani inakupotoshea pembeni, jaribu lenzi za jichoni chini ya mpima macho kwa miezi michache, ukiwa na miwani ya akiba ya vioo vyembamba. Macho yakiwasha au yakiwa mekundu kila jioni, umepata jibu, na linaweza pia kuwa onyo kwamba yana ukavu ambao leza ingeuzidisha.

Kama namba imetulia, konea ni nyembamba, na unacheza ndondi, raga au mchezo wowote wa kugongana, au unalenga jeshi la anga, PRK ina hoja nzuri, ilimradi unaweza kukaa nje ya masomo na kazi kwa wiki kadhaa na kujikinga na jua kwa miezi. Uliza kwanza masharti ya jeshi husika, maana huwa na kanuni zake.

Kama konea ni nene, macho hayana ukavu wala mzio, na una leseni tayari kiasi kwamba kila wiki nje ya kazi ni hasara, LASIK inaweza kukufaa zaidi, lakini usirudi kurusha kabla ya daktari mkaguzi kukuruhusu.

Kama ulikuwa na mzio mkali wa macho utotoni, au mzazi wako ana glakoma, baki na miwani mpaka upate ramani ya konea na vipimo vya shinikizo kutoka hospitali yenye vifaa hivyo.

Na kama bado hujapimwa kabisa, weka pembeni fedha zote za upasuaji, nenda kwa daktari mkaguzi aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda ukiwa na miwani yako ya sasa, na umwombe akuandikie ulichofaulu na ulichokosa.